Magazeti ya msiba wa Sokoine: msikate ukurasa wa mbele

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari hapa Moshi. Mzee mmoja wa Kibosho amefariki na familia yake imetuletea tranka la bati lenye magazeti. Mengi ni ya Aprili 1984, siku za msiba wa Waziri Mkuu Sokoine, na machache ni ya Mei 1996, ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba. Yamekuwa ya njano na kingo zinamegeka. Tumefikiria kukata habari za msiba, kuzipiga laminesheni, kuziskani ziwe kwenye kompyuta, halafu mabaki tuyatupe kwa sababu nafasi hatuna. Mkuu wa shule anataka maonyesho Aprili ijayo. Tuna kamera ya kuazima, kompyuta ya zamani na simu zetu. Tuanzie wapi?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba wa huyo mzee, na mfikishieni familia yake shukrani zangu. Kutunza magazeti miaka yote hiyo, katika nchi ambayo gazeti la jana hufungia maandazi kabla ya saa nne asubuhi, si kazi ndogo.

Mambo mengi katika swali lako yanaweza kungoja, isipokuwa moja: mashine ya laminesheni msiiwashe. Plastiki ile hubandikwa kwa joto na gundi, na ikishashika haitoki. Ukijaribu kuibandua, wino unaondoka nayo. Ubaya zaidi ni kwamba ugonjwa wa gazeti haupo nje, upo ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile dutu inayoufanya mti ushikamane. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano, na tindikali iliyomo kwenye karatasi hukatakata nyuzi zake pole pole. Mkiifungia ndani ya plastiki, tindikali inaendelea na kazi yake humo humo. Nimewahi kushika kurasa za gazeti ambazo ofisi moja ilizipiga laminesheni ili zitundikwe ukutani: plastiki inang'aa, na karatasi ndani yake imekuwa rangi ya chai ya rangi, ukiikunja kidogo inavunjika. Hapo hakuna fundi wa kuokoa kitu.

Selotepu nayo ni hivyo hivyo. Inashika vizuri miaka michache, kisha plastiki inadondoka na gundi inabaki doa la kahawia juu ya maandishi. Gundi ya maji, pasi ya moto, stepla na mipira ya kufungia navyo viwekwe mbali.

Sasa kuhusu mkasi. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo mtakapopoteza mengi bila kujua.

Edward Moringe Sokoine alifariki Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alizikwa Monduli Juu, huku kwetu. Fikiria mwananchi wa Moshi siku hiyo alipata wapi habari. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Tuliipata mwaka 1994. Redio ilikuwa ya serikali, na sauti ikishapita imepita, labda kwa mwenye kinasa sauti. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili, Uhuru na Daily News, na Jumapili yakitoka Mzalendo na Sunday News. Kwa hiyo kwa watu wengi wa Bara, picha za msiba ule walizoziona ni zile zilizochapishwa kwenye karatasi. Matoleo ya Ijumaa tarehe 13, ya Jumamosi, na ya Jumapili tarehe 15, ndiyo macho ya nchi kwa siku hizo.

Ukikata habari ya msiba peke yake, unabaki na kile ambacho watu wengi tayari wanakijua. Kwamba Waziri Mkuu amefariki kimeandikwa kwenye vitabu vya shule. Kilichoko ukurasa wa tano au wa saba hakijaandikwa popote. Huko ndiko magazeti ya msiba huweka rambirambi za mashirika ya umma, na mengi ya mashirika ya wakati ule leo hayapo: NMC ya usagishaji, GAPEX ya kuuza mazao nje, RTC za biashara za mikoa, KILTEX ya nguo ya hapa Arusha. Huko kuna tangazo la mchezo ulioahirishwa, ratiba ya redio, bei, barua za wasomaji. Kumbuka pia kwamba mwaka mmoja nyuma, 1983, Sokoine ndiye aliyesimamia msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa. Mwanafunzi wa historia atakayetaka kujua hali ya bidhaa madukani wiki ile ataipata kwenye kurasa mnazotaka kuzitupa, hataipata kwenye picha ya jeneza. Tena kila karatasi ina pande mbili. Ukikata habari ya upande huu, umeikata katikati habari ya upande wa pili.

Hayo ya MV Bukoba yana sababu yake ya ziada. Meli ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996. Wakati huo magazeti binafsi yalishakuwa mengi, kwa hiyo msitegemee gazeti moja lifanane na jingine. Hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa tofauti: wengine husema zaidi ya 800, wengine husema inakaribia 1,000. Orodha ya abiria ilikuwepo kwa madaraja ya juu, lakini daraja la tatu, lenye watu wengi, halikuwa nayo. Toleo la tarehe 22 lina idadi yake, la tarehe 23 lina yake. Atakayekuja kukata "habari sahihi" atachagua moja na kutupa nyingine, na kumbe namna hesabu ilivyokuwa ikibadilika siku hadi siku ni sehemu ya historia yenyewe. Na mkikuta orodha yoyote ya majina, hata fupi, hata yenye makosa ya tahajia, iwekeeni alama kwenye daftari lenu. Huenda kuna familia za Kagera na Mwanza ambazo kwao jina hilo lililochapishwa ndiyo kumbukumbu pekee ya maandishi.

Wanaofikiri gazeti kuukuu ni takataka wakumbuke pia kilichotokea mjini kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa ikikaa kwenye kituo cha mikutano cha AICC, hapa Arusha, na tarehe 3 Desemba 2003 ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari. Mmoja wa waliotiwa hatiani alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura la Rwanda, na matoleo ya gazeti hilo yalikuwa miongoni mwa vielelezo. Kipande kilichokatwa, kisicho na tarehe wala jina la gazeti, kina uzito gani mbele ya jaji?

Basi, gazeti libaki zima. Turudi kwenye tranka.

Kama masika yamewakuta, chagueni siku kavu. Toeni tranka kivulini, nje ya chumba chenye vitabu vingine, maana hamjui limebeba nini. Vaeni barakoa. Mkiona unga mweusi au wa kijani wenye harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu. Yatengeni magazeti hayo, yaachwe yakauke penye hewa kivulini kabla ya mtu kuyapiga brashi. Mkiona wadudu hai au vinyesi vyao, fungeni magazeti ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toeni hewa, kisha yawekwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Yakitoka msifungue mfuko siku hiyo. Subirini hadi plastiki iache kutoa jasho. Friza ya kantini itatosha ikipata siku ya kupumzika, ila mzungumze na mpishi mapema. Naftalini msiweke. Haimzuii panya, na mvuke wake unamuumiza anayekuja kusoma.

Kulifungua gazeti lenyewe kuna namna yake. Gazeti lililokunjwa miaka mingi huvunjikia kwenye mkunjo, na mara nyingi mkunjo wenyewe umepita katikati ya picha kubwa. Msilishike kwa ncha za vidole na kulinyanyua. Pitisha karatasi ya manila chini yake, libebe lote kama lilivyo hadi mezani, kisha lifungue nusu ya kwanza ukiisindikiza na manila nyingine. Likigoma, liache hivyo hivyo, weka juu yake karatasi safi na ubao mwepesi, rudi kesho. Vipande vitakavyodondoka, hata vya ukubwa wa kucha, vitiwe kwenye bahasha iliyoandikwa jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Vumbi ondoeni kwa brashi laini ya rangi, kutoka katikati kwenda nje. Mikono iwe imenawa na kukauka. Glavu za kitambaa zinakunyima hisia za vidole na zinanasa kwenye kingo zilizochanika.

Mtakutana pia na maandishi ya kalamu: jina la mteja ambalo muuza magazeti aliliandika pembeni, au mzee mwenyewe amepiga mstari chini ya sentensi fulani. Msifute. Hiyo ndiyo habari ya gazeti lilivyosomwa Kibosho.

Kuyalaza, mlaze bapa, msiyasimamishe. Maboksi yasiyo na tindikali huagizwa kutoka nje na bei yake inakatisha tamaa. Bila hayo, karatasi nyingi za kisasa za fotokopi hazina tindikali. Someni pakiti kama imeandikwa hivyo, mchague za A3 na muweke kati ya toleo na toleo. Nje fungeni kwa amerikani iliyofuliwa mara kadhaa hadi wanga umeisha. Kabati la chuma, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, rafu ya chini ikiwa kiganja kimoja juu ya sakafu ili kuepuka mchwa. Darini hapana, Moshi ni joto kuliko Arusha na chini ya bati ni tanuri. Nunueni kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Kikikaa chini ya asilimia 60 mnaweza kulala, kikipanda juu ya 65 kwa siku nyingi kuvu itawatembelea. Dawa za kuondoa tindikali zipo duniani, ila kwa tranka moja msihangaike nazo.

Kuhusu kuskani: skana ya ofisi iacheni. Ukurasa mpana wa gazeti hautoshi kwenye kioo cha A4, na hata A3 mtakuwa mnaukunja na kuukandamiza. Kamera ndiyo kazi yake. Ifungeni kwenye stendi ikitazama chini wima, gazeti mezani, taa mbili za LED zinazofanana kushoto na kulia zikimulika kwa pembe ya nyuzi 45, mapazia yamefungwa, flashi imezimwa. Chini ya ukurasa wekeni manila nyeusi. Karatasi ya gazeti ni nyembamba. Bila manila maandishi ya upande wa pili yatapenya, na kompyuta itakaposoma itachanganya habari mbili. Rula ionekane pembeni mwa picha, ili wa miaka ijayo ajue ukubwa halisi.

Hesabu ya ubora fanyeni kabla ya kuanza. Tuseme ukurasa una urefu wa sentimita 60 na upana wa 40, na kamera yenu ni ya megapikseli 24, yaani pikseli 6,000 kwa 4,000. Mkipiga ukurasa mzima kwa picha moja mnapata takribani pikseli 254 kwa inchi. Kwa gazeti inafaa kufika 300 na kuendelea. Kwa hiyo pigeni nusu ya juu, kisha nusu ya chini, kwa kupishana sentimita chache, na mtavuka 300. Msigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Picha za gazeti ni nukta tupu, zikipunguzwa vibaya zinatoa mawimbi ya ajabu usoni mwa mtu. Na rangi ya njano, doa na wino wa kalamu ni sehemu ya kumbukumbu.

Simu? Kwa nakala ya kusomea darasani, sawa. Kwa nakala mama, ile ya kuhifadhi, hapana, hasa zile programu za kuskani zinazojikatia kingo na kujisafishia karatasi zenyewe. Zinafuta mnachotaka kuhifadhi.

Nakala mama iwe faili la picha la aina ya TIFF, lisiloguswa na mtu. Picha moja ya kamera hiyo itachukua kama MB 72, kwa hiyo ukurasa ni MB 144, na kurasa 200 zitakaribia GB 29. Kutokana na hizo mnatengeneza JPEG au PDF nyepesi za kusomea. Majina ya mafaili yaanze na gazeti, kisha mwaka, mwezi, siku, ukurasa: uhuru_1984-04-13_uk01a. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa tarehe. Jina kama "sokoine mpya 2 FINAL" nimeliona kwenye ofisi za watu wazima, na aliyelitunga alikuwa ameshahama.

Wekeni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu nje ya shule kabisa, kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa taasisi mnayoiaminia. Flashi ni ya kubebea faili tu. Pia kuna programu ndogo za bure zinazotoa mfuatano wa tarakimu kwa kila faili. Tarakimu hizo zihifadhini, na kila baada ya miezi sita zikaguliwe. Tarakimu zikibadilika, faili limeharibika, mnalirudisha kutoka nakala nyingine. Watu hudhani ukishaskani umemaliza. Gazeti linaweza kusahauliwa kwenye tranka miongo kadhaa na bado likasomeka, kama mlivyoona wenyewe. Diski iliyosahauliwa miaka kumi huenda isiwake.

Programu ya Tesseract, inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi ya kompyuta, inasoma Kiswahili na haina malipo, lakini kwa wino uliofifia na safu nyembamba za gazeti msitegemee miujiza. Mimi ningewapa wanafunzi kazi ya kuandika kwa mkono kwenye jedwali: gazeti, tarehe, namba ya toleo, ukurasa, kichwa cha habari, watu na mahali palipotajwa, hali ya karatasi. Wataalamu wana mfumo wa kuorodhesha uitwao Dublin Core, wenye vipengele 15. Hivyo vichache nilivyovitaja vinatosha kwa kuanzia, na vitahamishika baadaye.

Kabla hamjayapandisha kwenye intaneti, simameni. Kuhifadhi nakala ndani ya maktaba ni jambo moja na kuisambaza ni jingine. Tuna sheria ya hakimiliki ya 1999, na gazeti la 1984 halijawa mali ya kila mtu kwa sababu tu limezeeka. Waandikieni wachapishaji: Uhuru na Mzalendo wana kampuni yao, Daily News na Sunday News ni ya TSN, kampuni ya magazeti ya serikali. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaelekeza pale mtakapokwama. Na hata ruhusa ikija, picha za maiti za mwaka 1996 msiziweke mahali mtoto anaweza kuzikuta akitafuta kazi ya shule. Zibaki kwenye nakala mama, aonyeshwe anayezihitaji kwa sababu. Jamaa wa marehemu bado wako hai.

Maonyesho ya Aprili mfanye, kwa nakala zilizochapishwa kwa ukubwa ule ule. Gazeti halisi likae kabatini. Wiki chache za jua la dirishani zinatosha kuligeuza njano kama la miaka mingi. Upigaji picha pangeni Juni hadi Septemba, hewa ya Moshi ikiwa imetulia.

Kuhusu kutupa: hakuna cha kutupa, hata baada ya kuskani. Kama nafasi kweli hakuna, fanyeni orodha kwanza, muilinganishe na iliyoko Maktaba Kuu ya Taifa na mkusanyiko wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huenda mkagundua toleo ambalo kwao lina pengo. Mkiwa na nakala mbili za tarehe moja, ya pili ipelekeni maktaba ya mkoa, Moshi au Arusha, kwa barua na sahihi.

Barua inanikumbusha la mwisho. Umesema familia "imetuletea". Imewapa, au imewahifadhisha? Andikeni karatasi moja yenye jina la marehemu, orodha ya magazeti, na maneno kwamba shule imepewa moja kwa moja na inaruhusiwa kuyapiga picha. Asaini mjane, na mmoja wa watoto kama shahidi, kabla ya kikao cha mirathi.